Wazee wanaosahau Baraka: zoezi la kumbukumbu lisilohitaji kalamu wala mashine

BARAKA, Kivu Kusini – Katika teritware ya Fizi, mambo mengi hayako kwenye karatasi. Mpaka wa shamba la mihogo, mahari iliyobaki kulipwa, undugu wa familia mbili zilizotengana zamani, kaburi la babu liko upande gani wa mto: hayo yote yako katika vichwa vya wazee. Vita vya 1964 na 1965, vya 1996, na vya 1998 viliwafukuza watu makwao zaidi ya mara moja. Nyumba zilipoungua, karatasi ziliungua nazo.

Oktoba 2005, HCR ilipoanza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, watoto waliozaliwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu walifika mahali walipopajua kwa jina tu. Kuna aliyehitaji kuonyeshwa na mzee: hapa ndipo palikuwa nyumba ya babu yako, pale kwenye mchikichi ndipo shamba lilipoishia. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, lakini vijijini ugomvi wa shamba bado unasikilizwa kwa kinywa cha mzee anayekumbuka.

Kwa hiyo mzee anapoanza kusahau, hasara si ya nyumba yake peke yake. Na yeye mwenyewe anaingia katika hatari ambayo watu hawapendi kuitaja kwa sauti.

Je, kuna linaloweza kufanyika? Katika nyumba za kulelea wazee za nchi nyingine, kuna zoezi la kumbukumbu ambalo limepimwa na watafiti kwa zaidi ya miaka 20. Halihitaji kompyuta. Limefika hata katika vijiji vya Tanzania, kwa lugha ya Kiswahili, kwa wazee ambao wengi wao hawakusoma sana. Baraka, ambako wazee kwa kawaida wanaishi na familia zao na si katika hospisi, ina karibu kila kitu kinachotakiwa.

Si uzee tu, na si uchawi

Kila mtu anasahau. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni jambo la kawaida. Kushika ufunguo na kutojua kazi yake ni jambo lingine. Koko anauliza kama watoto wamekula, anajibiwa, anauliza tena kabla sahani hazijaoshwa. Anatoka sokoni, njia aliyoipita miaka 40 inampotea. Anaficha pesa zake, halafu anamshitaki mke wa mwanawe kuwa mwizi. Hizi ni dalili za ugonjwa wa ubongo unaoitwa demensia. Alzheimer ni aina yake inayojulikana zaidi, na aina nyingine inatokana na mishipa ya damu ya kichwani kuharibika, mara nyingi kwa sababu ya presha.

Ugonjwa huu unavuruga pia saa ya mwili. Mgonjwa anaamka usiku wa manane, anatembea nje, anaongea na ndugu waliokufa zamani kana kwamba wako mbele yake. Wengine wanatoka bila nguo. Jirani anayeona hayo usiku, na hajawahi kusikia habari za demensia, ana jina moja tu la kulipa jambo hilo.

Kivu Kusini inajua jina hilo linaishia wapi. Mwaka 2021, katika teritware ya Kalehe, wanawake waliotuhumiwa uchawi waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa kuchomwa moto. Si kila anayetuhumiwa ni mgonjwa wa kusahau. Lakini mama mzee, mjane, anayetembea usiku na kusema maneno yasiyoeleweka, ndiye aliye karibu zaidi na tuhuma hiyo.

Kuna na jibu la pili, ambalo ni la upole lakini nalo linafunga mlango: «Ni uzee tu, mwache». Wazee wengi wanafika miaka 80 na akili yao ikiwa timamu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya 60 kwa 100 kati yao wako katika nchi maskini na za kipato cha kati. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2009 na 2010 na kuwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliokuwa na ugonjwa walikuwa zaidi kidogo ya 6 kwa kila 100. Utafiti wa 2011 na 2012 katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Congo-Brazzaville, kwa watu wapatao 2,000 wenye miaka 65 na zaidi, ulikuta karibu 7 kwa 100. Kinshasa, mtaalamu wa ubongo na tabia Jean Ikanga, anayefanya kazi pia katika chuo kikuu cha Emory, Marekani, anatengeneza vipimo vya kumbukumbu vinavyowafaa Waafrika, kwa sababu vile vya Ulaya vinampima mzee kwa mambo ambayo hakuwahi kuyaona.

Zoezi lililoanzia katika nyumba za wazee

Katika Uingereza, wazee wengi wanaosahau wanaishi katika nyumba maalum za kulelea wazee. Wanakula, wanaogeshwa, wanalazwa. Hatari yake ni kwamba siku nzima inaweza kupita bila mtu kumuuliza mzee swali lolote. Ubongo usioulizwa kitu unazidi kulala.

Mwaka 2003, kikundi cha watafiti wa London kilichoongozwa na Aimee Spector kilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa na wazee 201 wenye demensia, wengi wao wakiishi katika nyumba hizo. Baadhi yao walikusanywa katika vikundi vidogo mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara, kwa wiki saba. Jumla ni vikao 14. Wengine waliendelea na maisha yao ya kawaida. Mwishoni, waliokaa katika vikundi walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili, na wao wenyewe walisema maisha yao yana nafuu. Mwaka 2006, taasisi ya Uingereza inayoamua matibabu gani yatumike iliagiza kwamba wazee wenye demensia nyepesi na ya katikati wapewe nafasi ya kushiriki vikundi vya aina hiyo.

Ni nini kinachofanyika katika kikao? Watu watano hadi wanane wanakaa katika duara. Kila mmoja anaitwa kwa jina lake. Kikundi chenyewe kina jina walilolichagua wazee, na wimbo wao wa kufungulia. Inatajwa siku, mwezi, hali ya hewa, na habari moja ya mjini. Kisha linakuja jambo la siku: leo ni chakula, kesho kutwa ni sauti, halafu utoto, pesa, sura za watu, kupanga vitu kwa aina zake, michezo ya maneno, mchezo wa mpira mwepesi unaorushwa kutoka mkono hadi mkono.

Kuna kanuni moja inayobeba mengine yote: mzee anaulizwa maoni yake, si mtihani. Mtu hamwambii, «Unamkumbuka huyu ni nani?» Mzee akishindwa mbele ya wenzake anaona aibu, na siku nyingine hatakuja. Anaulizwa, «Kati ya hivi viwili, wewe unapenda kipi? Kwa nini?» Hakuna jibu la kukosea. Lakini ili ajibu, ubongo unalazimika kuangalia, kulinganisha, kutafuta neno na kulitoa. Hapo ndipo zoezi lilipo.

Hai: zoezi linaongea Kiswahili

Miaka ilipopita, watafiti wa Tanzania na wa chuo kikuu cha Newcastle walilipeleka zoezi hili Hai. Kule hakuna nyumba za kulelea wazee katika kila kijiji. Mzee anakaa kwa watoto wake, kama ilivyo Baraka. Wazee wengi hawasomi vizuri, wengine macho yamepungua. Kwa hiyo kila kilichohitaji kusoma na kuandika kilibadilishwa, vikatumika vitu vya kushika na vya kusikia, na maongezi yakawa ya Kiswahili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Wazee 34 wenye demensia nyepesi na ya katikati walipitia vikao 14. Vipimo vya akili vilipanda, na wasiwasi ukapungua, pamoja na tabia zinazoichosha familia. Ni kikundi kidogo, na watafiti wenyewe hawakudai zaidi. Lakini ilionekana kwamba kijiji kisicho na dawa za demensia wala mtaalamu wa ubongo kinaweza kuendesha zoezi hili na likaleta nafuu. Baada ya hapo Tanzania iliingia, pamoja na Brazil na India, katika mradi mkubwa zaidi wa kueneza njia hiyo.

Watafiti wa Hai walitengeneza pia kipimo kifupi cha kumtambua mzee anayehitaji kuangaliwa na munganga, nacho hakihitaji kalamu. Mzee anaulizwa leo ni siku gani. Anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani. Anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na aeleze daraja ni kitu gani. Anasomewa maneno 10, na baadaye kidogo anaombwa ayarudishe. Mwisho anapanga njiti za kiberiti zifuate mfano alioonyeshwa. Muuguzi aliyefundishwa anakimaliza kwa dakika kama 10. Mzee wa Fizi ambaye hakufika hata darasa la kwanza anaweza kujibu maswali hayo yote bila kuonewa.

Zoezi linaweza nini, haliwezi nini

Ni lazima kusema wazi: hakuna zoezi linaloponya demensia. Ugonjwa unaendelea. Kinachopatikana ni kuuchelewesha kidogo, na siku kuwa na mwanga zaidi. Vikao vikisimama kabisa, faida inapungua. Ndiyo sababu Uingereza wanashauri kikundi kiendelee mara moja kwa wiki baada ya zile wiki saba.

Kwa wazee ambao bado hawajaugua, jaribio kubwa la Marekani linaloitwa ACTIVE lilifanywa na watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi. Baadhi walifundishwa mbinu za kukumbuka kwa vikao 10 tu. Faida ya mafunzo ya kumbukumbu ilionekana bado baada ya miaka mitano, lakini baada ya miaka 10 ilikuwa imefifia. Mwaka 2019, OMS ilisema mafunzo ya akili yanaweza kutolewa kwa wazee wazima na kwa wale wanaoanza kusahau, ikaongeza kwamba uthibitisho bado si wa nguvu sana.

Iko mbinu nyingine ndogo ambayo familia inaweza kuianza leo jioni, iliyoenezwa na mtafiti Cameron Camp wa Marekani kwa wagonjwa wa nyumba za wazee. Unachagua jambo moja tu lenye faida. Kwa mfano: «Ukitaka kutoka, unamuita nani?» «Namuita Mama Furaha.» Unauliza tena palepale. Kisha baada ya dakika moja, mbili, nne, nane. Akikosa, hafokewi, anapewa jibu, analirudia, na muda unarudi nyuma hatua moja. Wagonjwa waliosahau mambo mengi wamefaulu kushika jambo moja kwa njia hii. Kwa familia inayohofia koko atatoka usiku, jambo hilo moja ni kubwa.

Baraka ina nini mkononi

Hospisi za wazee nchini Congo ni chache, nyingi ziko katika miji mikubwa na zinaendeshwa na watawa au makanisa. Kuvuka ziwa, Tanzania ina makazi ya wazee ya serikali, na Zanzibar inajulikana kwa yale ya Sebleni na Welezo. Lakini zoezi lenyewe halifungwi na jengo. Linahitaji watu sita, mkeka au viti, kivuli cha mwembe, na mtu mmoja mwenye subira. Kanisa, msikiti, kituo cha afya, kikundi cha akina mama, kambi ya Lusenda ambako wakimbizi wa Burundi wanaishi tangu 2015: kila mahali pamoja ya hapo panaweza kuwa na duara.

Vitu vya kutumia viko sokoni. Kwa siku ya chakula, mbele ya wazee viwekwe mkeke, ndagala wakavu, jani la sombe, kipande cha muhogo na chupa ya mawese. Wanusishwe. Waulizwe nani anapika sombe vizuri zaidi, mwenye kutia mawese mengi au kidogo. Hapo mabishano hayakosi, na mabishano ndiyo zoezi.

Kwa siku ya pesa, Congo ina somo ambalo nchi nyingi hazina. Mzee wa miaka 75 ametumia franka ya zamani, kisha zaire kuanzia 1967, zaire mpya kuanzia 1993, halafu franka ya Congo kuanzia 1998, na kama alikimbilia Kigoma, shilingi ya Tanzania pia. Aulizwe ni ipi iliyonunua samaki wengi. Kwa siku ya sauti, kuna muziki wa Franco na Tabu Ley katika simu ya mjukuu. Na mzee akisema «Zaire» badala ya Congo, asichekwe: nchi iliitwa hivyo kutoka 1971 hadi 1997, miaka yake ya nguvu.

Methali nazo zina kazi. Kiongozi anasema «Haba na haba», wazee wanamalizia. Maneno yaliyosemwa mara elfu tangu utotoni hukaa kichwani muda mrefu kuliko habari za jana, na mzee aliyeshindwa kutaja siku anaweza kumaliza methali kabla ya wote. Babembe na Balega, wenye chama cha wazee cha Bwami, wanajua jambo hili kwa njia yao. Kwa Balega kuna kamba inayoitwa mutanga, iliyofungwa vitu vidogo vidogo: ganda, unyoya, mfupa, kipande cha mti. Kila kitu kinasimama mahali pa methali yake. Anayeshika kitu anatoa methali na maana yake. Huko ni kufunza kumbukumbu kwa mkono, jicho na mdomo pamoja, na kulikuwapo muda mrefu kabla ya vyuo vikuu kuandika juu yake.

Pana tahadhari moja ambayo London hawana haja nayo sana. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 sasa amepita 70. Kumbukumbu za wazee wa Fizi zina ndani yake kukimbia, kuvuka ziwa usiku, watoto waliobaki njiani, Makobola. Vikao vya kukumbuka zamani visianze huko. Vianze na michezo ya watoto, siku ya harusi, mtumbwi wa kwanza, shule ya misioni. Mzee akifika kwenye vita mwenyewe, asinyamazishwe na asisukumwe. Asikilizwe, ashikwe mkono, na kikao kisifungwe yeye akiwa bado analia.

Kabla ya duara, hospitali

Si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hajui yuko wapi ni mgonjwa wa haraka. Inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maji kupungua mwilini kwa kuhara, sukari, au dawa alizonunua bila kuandikiwa. Huyo apelekwe kituo cha afya au hospitali kuu ya rufaa ya Baraka siku hiyohiyo. Wengine wanasahau kwa sababu ya huzuni nzito, kaswende ya zamani au kukosa vitamini, na hayo yana matibabu.

Mambo mengine yanaanza mapema. Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilihesabu sababu 14 zinazoongeza hatari ya demensia, likasema karibu nusu ya ugonjwa duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama zingeshughulikiwa zote. Ndani yake kuna presha, kisukari, pombe nyingi, sigara, masikio yasiyosikia, macho yasiyotibiwa, kukosa shule utotoni, na upweke. Kupima presha hakuhitaji mtaalamu wa ubongo. Na mzee asiyesikia vizuri anaonekana amepotewa na akili kumbe hakusikia swali. Akaliwe mbele, uso kwa uso, aongeleshwe polepole.

Ibara ya 49 ya katiba ya 2006 inampa mzee haki ya hatua maalum za kumlinda. Katika nchi ambako wenye miaka 65 na zaidi ni karibu 3 tu kwa kila 100, na vita havijaisha, serikali inaweka mbele mambo mengine. Shefu wa kartiye, mchungaji, imamu na muuguzi wa kituo cha afya hawalazimiki kungoja. Mtaa unaoona koko akiingia katika duara mara mbili kwa wiki, akiitwa kwa jina lake na kubishana juu ya mawese, utamjua kama mgonjwa anayehudumiwa. Siku atakapotoka usiku akiongea na marehemu mume wake, jirani atakayemkuta atajua ni nani wa kumuita.

Kuanza ni rahisi kuhesabu: wazee sita, dakika 45, mara mbili kwa wiki, wiki saba. Siku ya kwanza hakuna somo. Ni kila mmoja kutaja jina lake, kijiji alichozaliwa, na wote kukubaliana kikundi chao kitaitwa nani.